Kani Isiyobadilika, Nishati Inayopungua: Modeli ya Kibembea cha Nelinano za Kaboni na Mtihani Wake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa Kiswahili namna wanafizikia wanavyounda modeli ya mwendo wa neli ya kaboni inayoingia na kutoka ndani ya neli nyingine kubwa kidogo kuliko yenyewe. Mfumo huo mdogo mno huweza, kwa mujibu wa nadharia, kwenda na kurudi zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hesabu yake ya msingi haihitaji zaidi ya kanuni za mwendo zinazofundishwa shule ya sekondari. Pili, hauwezi kuelezwa kwa usahihi iwapo mwandishi hatatenganisha maana zinazobanana katika maneno ya kawaida kama vile nguvu na masafa. Makala yanahoji kuwa istilahi ya kisayansi haipimwi kwa kuwekwa katika orodha tu, bali kwa kufanyishwa kazi ndani ya maelezo kamili, pamoja na istilahi jirani zake.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili imefanywa kwa miongo mingi. Miongoni mwa matunda yake ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Kazi hiyo ilitupa mamia ya maneno. Hata hivyo, kuwa na neno ni jambo moja, na kuweza kufikiri kwa neno hilo kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho ya hoja ni jambo jingine. Neno linaweza kukaa vizuri katika safu ya kamusi, kisha likashindwa pale linapokutana na jirani yake katika aya moja.

Ndiyo maana makala haya hayaanzi na orodha ya istilahi. Yanaanza na jambo lenyewe, yaani kifaa cha kinadharia ambacho kwa Kiswahili tutakiita kibembea cha nelinano za kaboni. Neno nelinano tumelijenga kutokana na neli, ambalo tayari hutumika kwa mrija wa maabara, na nano, ambayo ni kipimo cha sehemu moja ya bilioni. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Sababu za kuchagua neno kibembea zitaelezwa katika sehemu ya tano, baada ya msomaji kuona kifaa kinavyofanya kazi, kwa kuwa uamuzi huo unategemea fizikia yenyewe.

2.0 Neli ndani ya neli

Atomu za kaboni zina uwezo wa kujipanga katika karatasi yenye unene wa atomu moja tu, ambamo kila atomu imeshikana na tatu za jirani, na zote kwa pamoja hufanya maumbo ya pembesita kama sega la nyuki. Umbali kati ya atomu mbili zilizoshikana ni takriban nanomita 0.142. Tukiikunja karatasi hiyo hadi kingo zake zikutane bila mshono, tunapata nelinano. Neli kadhaa zikikaa moja ndani ya nyingine, tunapata nelinano ya tabaka nyingi, na nafasi kati ya tabaka moja na linalofuata ni takriban nanomita 0.34.

Picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani zilichapishwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1952, lakini utafiti mpana wa nelinano ulichochewa na makala ya mwaka 1991 ya Sumio Iijima, mtafiti wa kampuni ya NEC nchini Japani. Iijima alieleza muundo wa neli za tabaka nyingi alizoziona kwa hadubini ya elektroni.

Jambo linalotuhusu zaidi lilitokea mwaka 2000. John Cumings na Alex Zettl wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliifungua ncha ya nelinano ya tabaka nyingi ndani ya hadubini ya elektroni, wakazishika tabaka za ndani na kuzivuta nje, kama mtu anavyorefusha antena ya redio. Tofauti ilionekana walipoziachilia. Antena ya redio hubaki ilipoachwa hadi mkono uisukume, ilhali tabaka za ndani za nelinano zilirudi zenyewe ndani ya ala yake. Zilivutwa na kurudi mara nyingi bila dalili ya kuchakaa, na msuguano uliokadiriwa ulikuwa mdogo kupita kiasi.

Kinachozirudisha tabaka hizo ni kani za van der Waals, yaani mvuto dhaifu uliopo kati ya atomu zisizoshikana kikemia. Mvuto kati ya atomu mbili ni mdogo sana. Lakini neli mbili zilizokaa moja ndani ya nyingine hukabiliana kwa maelfu ya atomu, na kila sehemu ya uso inayokabiliana na nyingine huupunguzia mfumo nishati tuli, yaani nishati itokanayo na mahali vitu vilipo. Kwa hiyo mfumo hupendelea kukabiliana kukiwa kukubwa kadiri iwezekanavyo. Ukiivuta neli ya ndani nje, unapunguza eneo linalokabiliana, na mfumo unadai eneo hilo lirudi.

3.0 Modeli sahili na hesabu yake

Mwaka 2002 Quanshui Zheng na Qing Jiang walichapisha pendekezo lililotokana na jaribio hilo. Tuseme neli ya nje ina ncha mbili zilizo wazi na imeshikiliwa isisogee. Neli ya ndani ikivutwa upande mmoja na kuachiliwa, itarudi kwa kasi. Ikifika katikati haitasimama, kwa kuwa tayari ina mwendo. Itapitiliza na kuchomoza upande wa pili, ivutwe tena ndani, ipitilize tena. Watafiti hao walikokotoa kuwa marudio ya mwendo huo yanaweza kufikia gigahezi kadhaa, yaani mara bilioni kadhaa kwa sekunde.

Ili kuona idadi hiyo inakotoka, tuunde modeli sahili. Modeli ni maelezo yanayobakiza yale tu yanayoamua tabia tunayotaka kuielewa. Hapa tutaacha msuguano kwa muda, tutachukulia kila neli kuwa ngumu isiyopinda, na tutachukulia kuwa neli zote mbili zina urefu sawa. Uzito wa neli pia tutauacha, na baada ya hesabu tutaona kama tulikuwa na haki ya kuuacha.

Tuite urefu wa neli L, mzingo wa neli ya ndani C, na umbali uliochomoza nje x. Kila tunapoivuta neli nje kwa nanomita moja zaidi, eneo linaloachwa wazi ni lilelile: mzingo mara nanomita moja. Kwa hiyo gharama ya nishati kwa kila nanomita ni ileile, iwe nanomita ya kwanza au ya ishirini. Na kama gharama ya nishati kwa kila kipande cha umbali haibadiliki, basi kani inayorudisha haibadiliki ukubwa wake. Hiki ndicho kiini cha modeli. Katika springi, kani huongezeka kadiri unavyovuta. Katika kibembea hiki, kani ni ileile popote neli ilipo nje. Kinachobadilika ni uelekeo wake tu, kwani siku zote huelekea katikati.

Cumings na Zettl walitumia thamani ya jouli 0.16 kwa kila mita ya mraba ya eneo linaloachwa wazi. Kwa neli yao, ambayo mzingo wa tabaka zilizovutwa ulikuwa takriban nanomita 57, kani ilikuwa takriban nanonyutoni 9. Sisi tuchukue mfano mdogo zaidi: neli ya ndani ya tabaka moja, yenye kipenyo cha nanomita 1 na urefu wa nanomita 100, na tuitumie thamani hiyohiyo kama kadirio.

Kani inayoirudisha ni 0.16 mara mzingo, yaani takriban nanonyutoni 0.5. Tungamo ya neli tunaipata kwa kuzidisha eneo lake na tungamo ya karatasi ya kaboni, ambayo ni takriban kilogramu 0.00000076 kwa mita ya mraba. Neli yetu ina takriban atomu 12,000. Tukigawanya kani kwa tungamo tunapata mchapuko. Hapa kuna jambo la kuvutia: mzingo umo katika kani na pia umo katika tungamo, hivyo unafutika. Mchapuko unategemea urefu wa neli tu, si unene wake. Kwa urefu wa nanomita 100, mchapuko ni takriban mita trilioni 2.1 kwa sekunde ya mraba. Huo ni zaidi ya mara bilioni 200 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka duniani. Hivyo tulikuwa na haki ya kuuacha uzito.

Tuivute neli nje kwa nanomita 25 kisha tuiachilie. Muda wa kufika katikati ni kipeuo cha pili cha 2x kwa mchapuko, yaani takriban nanosekunde 0.154. Safari kamili ya kwenda na kurudi ina robo nne kama hiyo, kwa hiyo kipindi chake ni takriban nanosekunde 0.62, na marudio ni takriban gigahezi 1.6. Inapopita katikati, neli ina mwendo wa takriban mita 324 kwa sekunde, unaokaribia mwendo wa sauti hewani.

Matokeo mengine ni muhimu zaidi kwa hoja yetu. Tukiivuta neli hiyohiyo kwa nanomita 6.25 tu, yaani robo ya umbali wa awali, marudio hayapungui, bali huongezeka maradufu na kufikia takriban gigahezi 3.2. Kwa kuwa kani ni ileile, safari fupi humalizika mapema. Hapa kibembea cha nelinano kinatofautiana na springi ya kawaida, ambayo marudio yake hayategemei umbali iliovutwa.

4.0 Mtihani wa kwanza: nguvu na masafa

Sasa tuurudishe msuguano tuliouacha. Neli halisi hupoteza sehemu ya nishati yake katika kila safari. Nishati ikipungua, neli haichomozi tena mbali kama mwanzo. Na kama tulivyoona, ikichomoza umbali mfupi zaidi, marudio yake huongezeka. Kibembea kinachochoka kinazidi kuharakisha marudio, huku mwendo wake wa juu kabisa ukipungua. Huu ni utabiri wa wazi wa modeli, na mwanafunzi anayeuelewa ameielewa modeli nzima.

Tujaribu kuueleza kwa maneno yanayotumika mitaani na katika vyombo vya habari. Neno nguvu hutumiwa kwa kani, kwa nishati na kwa uwezo wa mashine. Neno masafa hutumiwa kwa umbali, na katika lugha ya redio hutumiwa pia kwa marudio ya mawimbi. Tukiyatumia hayo, utabiri wetu utasomeka hivi:

Nguvu haibadiliki, lakini nguvu hupungua katika kila mzunguko. Na masafa yakipungua, masafa huongezeka.

Kila kishazi katika sentensi hiyo ni sahihi kwa maana moja ya neno, na sentensi nzima haina maana. Mwanafunzi atakayeisoma hatasema kuwa istilahi zina kasoro. Atasema kuwa fizikia haielewiki au kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba. Hukumu zote mbili hazina haki, lakini sentensi yenyewe imeziandaa.

Tuandike upya kwa istilahi zilizotenganishwa:

Kani haibadiliki ukubwa wake, lakini nishati hupungua katika kila mzunguko; na umbali wa mchomozo ukipungua, idadi ya marudio kwa sekunde huongezeka.

Sentensi hii haina neno hata moja lisilokuwapo katika Kiswahili. Kani na nishati zimezoeleka katika vitabu vya sayansi. Mchomozo ni nomino ya kawaida kutokana na kitenzi chomoza. Marudio hayahitaji ufafanuzi. Kilichobadilika ni nidhamu ya matumizi: neno moja kwa dhana moja ndani ya matini moja.

Tofauti za kieneo zinaongeza uzito wa suala hili. Kile kinachoitwa nishati nchini Tanzania, hata katika jina la wizara, nchini Kenya huitwa pia kawi. Tofauti hiyo haina madhara ikiwa kila matini itachagua neno moja na kulitumia mfululizo, kwa kuwa kawi na nishati hazigongani na dhana nyingine katika modeli. Madhara yapo katika nguvu na masafa, ambako neno lilelile linabeba dhana mbili zinazobadilika kwa uelekeo tofauti. Ukanda wetu unaweza kuvumilia maneno mawili kwa dhana moja. Hauwezi kuvumilia dhana mbili katika neno moja, hasa dhana hizo zinapokutana katika sentensi moja.

5.0 Mtihani wa pili: mbembeo na mtetemo

Nishati inayopotea huenda wapi? Swali hili liliwashughulisha watafiti mara tu baada ya pendekezo la mwaka 2002. Modeli yetu sahili haiwezi kulijibu, kwa sababu imezichukulia neli kuwa ngumu zisizopinda. Ilibidi kila atomu ipewe nafasi yake ya kusogea. Njia inayotumika ni uigaji wa kompyuta: kompyuta hukokotoa kani juu ya kila atomu, huisogeza atomu hiyo kwa muda mfupi mno, mara nyingi karibu femtosekunde moja, kisha hurudia. Kuiga nanosekunde moja kwa hatua za femtosekunde moja kunahitaji hatua milioni moja.

Mwaka 2003 zilichapishwa kazi kadhaa za aina hiyo. Kundi la Brazili la Sergio Legoas na wenzake lilionyesha kuwa mwendo hudumu vizuri pale tofauti ya nusukipenyo za neli mbili inapokaribia nanomita 0.34, yaani nafasi ileile ya kawaida kati ya tabaka. Wanlin Guo na wenzake walionyesha umuhimu wa ruwaza za atomu: pale ruwaza ya neli ya ndani inapooana na ya neli ya nje, nishati hupotea haraka zaidi kuliko pale zisipooana. Msomaji anaweza kufikiria mabati mawili ya migongo. Yakilazwa migongo ikioana, hukamatana na kila msogeo wa kukatisha migongo hukwama. Likigeuzwa moja kidogo, migongo haikamatani tena na bati huteleza. Ulinganisho huu wa mabati si wa yeyote kati ya watafiti hao. Ni wetu, na unafaa kwa kiwango cha kueleza kuoana kwa ruwaza tu. Uigaji mwingine wa mwaka huohuo ulibainisha kuwa neli ya ndani huyumba nje ya mhimili wake, na kuta za neli ya nje hupata mawimbi madogo.

Katika hali zote hizi kinachotokea ni kimoja. Mwendo wa neli nzima, wenye mpangilio na uelekeo mmoja, hugeuka kidogo kidogo kuwa msukosuko wa atomu mojamoja usio na mpangilio. Msukosuko huo ndio joto. Kwa hiyo nishati haikutoweka. Imehama kutoka mwendo mmoja mkubwa kwenda miendo midogo mingi.

Hapa ndipo sababu ya kuchagua neno kibembea inapoonekana. Mtafsiri angeweza kushawishika kutumia kitetemi, kwa kuwa mtetemo limezoeleka kwa miendo ya haraka ya kwenda na kurudi. Lakini tukiuita mwendo wa neli nzima mtetemo, tutauitaje ule wa atomu? Tutalazimika kusema kuwa mtetemo hugeuka kuwa mtetemo, na maelezo yote ya upotevu wa nishati yatapotea pamoja na nishati yenyewe. Modeli inadai maneno mawili. Tunapendekeza mbembeo kwa mwendo wa neli nzima unaopitia katikati na kurudi, na mtetemo kwa msukosuko wa atomu. Sentensi inayohitajika inawezekana sasa: nishati ya mbembeo hugeuka kuwa nishati ya mtetemo.

Neno bembea lina mapungufu yake, na ni haki kuyataja. Bembea ya mtoto hurudishwa na uzito wake, ilhali uzito hauna nafasi katika kibembea chetu. Aidha, bembea inayosukumwa kidogo hutumia takriban muda uleule kwa kila safari, iwe imekwenda mbali au karibu, na tumeona kuwa kibembea cha nelinano hakifanyi hivyo. Kile ambacho neno linakibeba kwa uaminifu ni kwenda, kupitiliza katikati, na kurudi. Mwalimu anayelitumia anapaswa kusema waziwazi ni sehemu gani ya taswira inayochukuliwa na ni ipi inayoachwa. Hilo si udhaifu wa Kiswahili. Kila lugha hufunga taswira fulani ndani ya istilahi zake, na mwalimu mzuri huijua taswira hiyo.

6.0 Mtihani wa tatu: neli inayopokea molekuli

Kuna aina nyingine ya kibembea ambamo kinachosogea si neli bali molekuli ya C60, yenye atomu 60 za kaboni zilizopangwa kama mpira wa miguu. Mwaka 2007 Barry Cox, Ngamta Thamwattana na James Hill wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha modeli ya kihisabati ya jambo hili. Badala ya kuhesabu atomu mojamoja, walizichukulia kana kwamba zimetandazwa sawasawa juu ya uso wa tufe na uso wa neli, kisha wakajumlisha mvuto na msukumano kwa njia ya kalkulasi. Kwa njia hiyo walipata masharti ya molekuli kupokewa na neli: neli ikiwa nyembamba mno, msukumano hushinda na molekuli hukataliwa, nusukipenyo ikizidi takriban nanomita 0.634, molekuli iliyotulia mdomoni huvutwa ndani yenyewe.

Katika mfumo huu kani haina ukubwa mmoja. Molekuli ikiwa ndani kabisa, imezungukwa na ukuta uleule mbele na nyuma, na mivuto hufutana, hivyo husafiri kwa mwendo usiobadilika. Kani huonekana karibu na midomo ya neli tu, ambako huirudisha molekuli inayotaka kutoka. Ni modeli tofauti na ile ya neli ndani ya neli, ingawa zote mbili zina mbembeo na zote hutokana na kani za van der Waals.

Nishati ambayo molekuli huipata kwa kuingia hupewa, katika maandishi ya fani hii, jina lenye taswira ya kufyonza. Tukilitafsiri moja kwa moja tutapata nishati ya mfyonzo. Msomaji wa Kiswahili atafikiria mtu anayenyonya soda kwa mrija. Lakini soda hupanda mrijani kwa sababu kanieneo ya hewa ya nje huisukuma. Ndani ya nelinano hakuna hewa inayosukuma wala ombwe linalonyonya. Kuna atomu zinazovuta. Kwa hiyo tunapendekeza nishati ya uingizo, jina linalotaja kinachotokea bila kudai sababu isiyokuwapo. Mfano huu unaonyesha kuwa mwandishi wa Kiswahili hana wajibu wa kurithi kila taswira ya lugha chanzi. Anayeijua modeli anaweza kuchagua jina bora kuliko lile alilolikuta.

7.0 Kushuhudia, kukokotoa na kuiga

Suala la mwisho linahusu vitenzi. Katika historia fupi tuliyoieleza kuna aina tatu za maarifa. Cumings na Zettl walishuhudia tabaka za ndani zikirudi ndani ya ala yake. Muda wa nanosekunde 1 hadi 10 waliouhusisha na kurudi huko haukupimwa kwa saa, bali ulikokotolewa kutokana na kani na tungamo. Zheng na Jiang walikokotoa marudio ya gigahezi. Wale wa mwaka 2003 waliiga kwa kompyuta.

Katika makala nyingi za kueneza sayansi, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, tofauti hizi humezwa na kitenzi kimoja: wanasayansi wamegundua. Msomaji huachwa akiamini kuwa kuna mashine inayozunguka mahali fulani, ilhali kilichopo ni hesabu yenye dhana zilizotajwa wazi. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kulinda tofauti hiyo: kushuhudia, kupima, kukadiria, kukokotoa, kuiga, kutabiri. Kina pia kauli za masharti zinazomruhusu mwandishi kusema kuwa jambo lingetokea iwapo msuguano ungepuuzwa. Mwandishi asipovitumia, kosa si la lugha.

8.0 Hitimisho

Tumefuata kifaa kimoja cha kinadharia kutoka jaribio hadi hesabu, na kutoka hesabu hadi uigaji. Katika kila hatua kulikuwa na jozi ya dhana ambayo lazima itenganishwe ili maelezo yasimame: kani na nishati, umbali na marudio, mbembeo na mtetemo, kuvutwa na kufyonzwa, kushuhudia na kukokotoa. Hakuna hata jozi moja iliyohitaji lugha ya kigeni. Kila jozi ilihitaji uamuzi, na uamuzi ulitokana na modeli.

Kutokana na hayo, makala yanatoa mapendekezo matatu kwa wanaistilahi na wafasiri wa ukanda wetu. Kwanza, istilahi za fizikia ziundwe kwa makundi ya dhana zinazokutana katika modeli moja, si neno mojamoja kwa mpangilio wa alfabeti. Pili, kabla ya kundi la istilahi kusanifishwa, liandikiwe angalau aya moja ya maelezo kamili, na aya hiyo isomwe na mwanafizikia na mwanafunzi. Aya itakayosomeka kama ile sentensi ya nguvu na masafa irudishwe. Tatu, kamusi zionyeshe visawe vya kieneo kama nishati na kawi bila kulazimisha kimoja, lakini zitoe onyo bayana pale neno moja linapobeba dhana mbili za fani moja.

Mwanafunzi wa Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Mwenzake wa Kenya na Uganda huisoma fizikia hiyo kwa Kiingereza pia. Wote hao huulizana maswali kwa lugha wanazozizungumza. Tukiwapa maneno yaliyotenganishwa vizuri, wataweza kuihoji modeli wenyewe na kuuliza kwa nini kibembea kinachopoteza nishati huongeza marudio. Jibu lake, kama lilivyoonyeshwa hapa, linaeleweka kwa Kiswahili: kani ni ileile, na safari imekuwa fupi.